Kabla ya Kupiga Window Upya: Jinsi ya Kukagua Mafaili ya Mfumo Endeshi Yaliyopotea au Kuharibika

Hapa Kigoma, kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu, mtaa wa Mwanga, huja zikiwa bado zinawaka. Kitufe cha Start kinabofywa kisifunguke, printa iliyofanya kazi jana leo haionekani, skrini inageuka buluu katikati ya barua ya maombi ya kazi, au linajitokeza tangazo kwamba faili fulani halikupatikana. Mwenye kompyuta naye huwa ameshatoa hukumu kabla hajaketi: "Fundi, nipigie window tu." Ombi hilo linaeleweka, kwa kuwa kupiga window, yaani kuweka Windows upya kabisa, ni kazi yenye bei inayojulikana na muda unaojulikana, na ikishakamilika hakuna anayeuliza ugonjwa ulikuwa nini.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilimtekelezea ombi kama hilo dada mmoja mwenye steshenari. Window ilipigwa kwa saa moja na nusu, lakini CD ya printa yake ilikuwa imepotea siku nyingi, programu ya kutengenezea vitambulisho haikuwa na nakala mahali popote, na tukakaa siku mbili tukipakua vitu kwa bando huku wateja wake wakielekea duka la jirani. Baadaye, nilipoyakumbuka matangazo aliyoyaona, nilitambua kwamba mashine ile ilihitaji amri mbili na subira ya dakika arobaini. Tangu hapo sigusi flashi ya kupigia window kabla sijakagua mafaili ya mfumo endeshi, na utaratibu ninaoufuata ndio ninaoueleza hapa. Unahusu Windows 10 na Windows 11. Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine nyingi za mjini bado zinaitumia na zana zote nitakazozitaja zimo ndani yake.

Mafaili hupotea vipi

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni umeme. Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na hata sasa radi za masika hazimwulizi mtu kama anaandika au amepumzika. Windows huwa inaandika kitu kwenye diski karibu muda wote, na hasa inapojisasisha hubadilisha mamia ya mafaili kwa mkupuo mmoja; umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, faili linaweza kubaki nusu, likabaki na jina bila yaliyomo, au lisiwepo kabisa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, ndiyo inayoumia zaidi, ilhali kompyuta mpakato yenye betri nzima hunusurika. Ukitaka kujua mashine imezimikiwa mara ngapi, fungua Event Viewer, ingia sehemu ya kumbukumbu za mfumo, kisha tafuta tukio namba 41 la Kernel-Power, ambalo Windows huliandika kila inapowaka baada ya kuzimika bila kuaga. Nimewahi kuyahesabu yakapita arobaini katika mwezi mmoja, na mwenye mashine akashangaa kuliko mimi.

Chanzo cha pili ni diski inayokufa polepole. Chanzo cha tatu ni mikono yetu wenyewe: mtu anaona diski imejaa, anaingia kwenye folda la Windows na kufuta chochote kinachoonekana kikubwa, au anaweka programu ya "kusafisha kompyuta" inayofuta kwa niaba yake. Kizuia virusi nacho, kikikuta faili lililoambukizwa, hulitia kizuizini, na kama faili hilo ni la mfumo, Windows hubaki na pengo. Kuna pia zile Windows "nyepesi" zinazopitishwa kwa flashi kutoka fundi hadi fundi, ambazo mtu asiyejulikana ameshazipunguza viungo ili ziwake haraka, pamoja na zile zilizofunguliwa leseni kwa programu za wizi zinazobadilisha mafaili ya mfumo. Mashine ya aina hiyo inaweza kukataa matengenezo yote utakayoyasoma hapa, kwa sababu kile unachokiita upotevu ndivyo ilivyokusudiwa na aliyeipunguza.

Ghala lililo ndani ya Windows

Mafundi wengi huzikariri amri bila kujua zinachota wapi, ndiyo maana zikigoma hukata tamaa mapema. Ndani ya C:\Windows kuna folda liitwalo WinSxS. Hilo ndilo ghala: kila kijenzi cha Windows, pamoja na matoleo yaliyoletwa na masasisho, kimehifadhiwa humo. Mafaili unayoyaona kwenye folda la System32, kwa sehemu kubwa, si nakala za pili. Ni jina la pili la faili lilelile lililomo ghalani. Chukulia mzee anayeitwa Hamisi kwao Ujiji na Baba Asha huku mjini. Ukilifuta jina la Baba Asha kwenye daftari la mjini, mzee bado yupo Ujiji na unaweza kumwandika tena. Lakini mzee akiugua, ameugua kwa majina yote mawili.

Mfano huo unaeleza jambo linalowasumbua wengi. Faili likiwa limefutwa kwenye System32, kulirudisha ni rahisi, kwa kuwa mwili wake umo ghalani na zana inayoitwa SFC huliandika upya kwa muda mfupi. Faili likiwa limeharibika, kwa mfano kwa sababu sehemu ya diski iliyolibeba imeoza, uharibifu huohuo upo ghalani, na SFC hurudi mikono mitupu. Hapo ndipo inapohitajika zana ya pili, DISM, ambayo hulitengeneza ghala lenyewe kwa kuleta mafaili mazima kutoka nje. Hivyo mpangilio unaofaa ni diski kwanza, ghala pili, mafaili ya mfumo tatu. Wengi huanza na SFC kwa kuwa ndiyo maarufu, na katika mashine yenye kasoro ndogo haidhuru kitu, ila mara nyingi utajikuta umeiendesha mara mbili.

Ukitaka kuona ukubwa wa ghala hilo, usiudhanie kwa kubofya folda na kusoma sifa zake, maana Windows itayahesabu majina yote kana kwamba kila moja lina mwili wake. Na usilifute kamwe, hata diski ikijaa namna gani.

Maandalizi

Nakili kwanza nyaraka za mwenye mashine kwenye diski ya nje au flashi. Ikiwa ni kompyuta mpakato, iache kwenye chaji. Ikiwa ni ya mezani na wingu limetanda upande wa ziwa, ahirisha kazi au itegemeze kwenye UPS, kwa sababu kukatikiwa umeme wakati wa kutengeneza mafaili ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Hakikisha diski ya C ina nafasi ya gigabaiti kadhaa. Kisha iwashe upya kompyuta kwa kuchagua Restart. Kuizima na kuiwasha hakutoshi, kwa kuwa Windows yenye mwako wa haraka (Fast Startup) huhifadhi hali ya kiini chake inapozimwa na kuirudisha inapowashwa, wakati Restart huanza mwanzo kabisa na kumalizia masasisho yaliyokuwa yakisubiri.

Sasa fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja, ukubali swali litakalotokea. Angalia mstari wa kwanza: ukisomeka C:\Windows\System32, umeingia kwa mamlaka inayotakiwa, ukisomeka C:\Users likifuatiwa na jina la mtumiaji, umeingia kama mtu wa kawaida na amri zitakataa.

Diski kwanza

Andika:

chkdsk C: /scan

Amri hii hukagua mpangilio wa mafaili kwenye diski huku Windows ikiendelea kufanya kazi. Ikisema haikukuta tatizo, endelea mbele. Ikikuta tatizo lisiloweza kurekebishwa papo hapo, andika:

chkdsk C: /f

Itakuuliza kama ipange ukaguzi kwa wakati kompyuta itakapowashwa tena. Jibu Y, kisha uiwashe upya na kuiacha imalize. Baada ya hapo unaweza kukuta folda jipya liitwalo FOUND.000 lenye mafaili ya aina ya CHK. Hayo ni mabaki ya mafaili yaliyokuwa yanaelea bila jina, na ingawa mara nyingi hayana manufaa, usiyafute mpaka mwenye mashine athibitishe kwamba hakuna waraka wake uliopotea.

Kuna pia nyongeza ya /r, ambayo husoma diski yote kutafuta sehemu zilizooza. Kwenye diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 inaweza kuchukua saa nyingi, na kwa diski iliyokwisha kuanza kufa kazi hiyo nzito inaweza kuimalizia. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza hali ya diski yenyewe, kwa kufungua PowerShell, kidirisha kingine cha amri, kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

Get-PhysicalDisk

Safu ya HealthStatus ikionyesha neno lolote lisilokuwa Healthy, au kumbukumbu za mfumo zikiwa na tukio namba 7 linalotoka kwa disk, linaloripoti sehemu mbovu, acha kutafuta mafaili yaliyopotea. Okoa nyaraka na uagize diski nyingine. Kwa sisi tulio mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, uamuzi huo maana yake mara nyingi ni kusubiri mzigo wa basi kwa siku kadhaa, lakini kutengeneza Windows juu ya diski inayooza ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Tahadhari moja tu: neno Healthy halithibitishi uzima kamili, kwa kuwa nimekutana na diski zilizojitangaza nzima huku zikigugumia kwa sauti inayosikika hadi barazani.

Kutengeneza ghala kwa DISM

Rudi kwenye kidirisha cha amri. DISM ina hatua tatu zinazofanana kwa maandishi lakini zinatofautiana sana kwa kazi. Ya kwanza ni hii:

DISM /Online /Cleanup-Image /CheckHealth

Hii haikagui chochote kipya. Husoma tu kama Windows ilikwisha kuweka alama ya uharibifu hapo awali, na ndiyo maana hujibu kwa sekunde chache. Wanaoishia hapo na kutangaza kwamba mashine ni nzima wanajidanganya. Ukaguzi wa kweli ni huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /ScanHealth

Subiri dakika kadhaa. Ikisema ghala linaweza kutengenezwa, au hata kama hukutaka kupitia hatua hii, endelea na ya tatu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Zingatia nafasi kabla ya kila mkwaju (/). Kosa la kuunganisha maneno ndilo huwafanya wengi waambiwe kwamba amri haitambuliki. Neno Online hapa halihusiani na intaneti, bali linamaanisha Windows inayoendesha mashine kwa wakati huo. Asilimia zinaweza kukwama mahali pamoja kwa muda mrefu na kisha kuruka. Usifunge kidirisha kwa sababu ya ukimya huo.

Intaneti inahitajika kwa sababu nyingine: DISM huyatafuta mafaili mazima kupitia Windows Update. Kwa mteja anayetumia bando la simu hilo ni jambo la kuulizia kabla, kwa kuwa kiasi kitakacholiwa kinategemea ukubwa wa uharibifu, na Windows Update ikiona intaneti imefunguka inaweza kuanza kushusha masasisho yake mengine pia. Mtandao usipotosha, utapata namba 0x800f0906. Chanzo cha mafaili kisipopatikana, utapata 0x800f081f. Namba hizi mbili ndizo zinazowafanya watu waende kupiga window, na zote mbili zina dawa ileile, yaani kuipa DISM chanzo ulichonacho mkononi.

Chanzo hicho ni faili la ISO, yaani nakala nzima ya diski ya kuwekea Windows, lililotoka kwa Microsoft au flashi iliyotengenezwa kutokana nalo. ISO ya Windows 11 inazidi gigabaiti 5, kwa hiyo ni vyema kuipakua mara moja kwa bando la usiku na kuitunza. Ukiibofya mara mbili, Windows huifungua kama diski yenye herufi yake, tuseme E. Ndani ya folda la sources utakuta install.wim au install.esd. Faili hilo hubeba matoleo kadhaa kwa pamoja, hivyo uliza kwanza lina nini:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Utaona orodha ya Home, Pro na mengineyo, kila moja na namba yake. Kisha ujue mashine unayoitengeneza ni ya toleo gani:

DISM /Online /Get-CurrentEdition

Usishtuke ukijibiwa Core, kwani hilo ndilo jina la ndani la Home. Pro hujibu Professional. Endapo Home ni namba 1 katika orodha, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Kama faili lako ni install.esd, weka ESD mahali pa WIM na ubadilishe mwisho wa jina la faili. Neno LimitAccess huizuia DISM isiende Windows Update, na hivyo bando la mteja husalimika. Ikiwa 0x800f081f inarudi hata hapo, linganisha namba za toleo kwa kuandika winver: ISO ya zamani kuliko Windows iliyomo kwenye mashine haiwezi kuwa na mafaili yaliyoletwa na masasisho ya baadaye, na DISM haikubali mbadala wa faili ambao haukulingana kabisa. Hili ndilo kosa langu la mara kwa mara, maana flashi huzeeka mfukoni bila mwenyewe kujua.

SFC na majibu yake

Ghala likishakuwa zima, andika:

sfc /scannow

Kuna nafasi kati ya sfc na mkwaju. Kazi hii huchukua takriban dakika 10 hadi 30 kulingana na diski. Ukitaka kuangalia bila kubadilisha kitu, kwa mfano kwenye kompyuta ya ofisi ambayo hukupewa ruhusa ya kuitengeneza, tumia sfc /verifyonly.

Majibu yake ni manne. Ukiona "did not find any integrity violations", mafaili yote ya mfumo yapo na ni mazima, kwa hiyo tatizo la mashine liko mahali pengine na ni vizuri umelijua hilo kabla ya kufuta kitu. Ukiona "successfully repaired", kulikuwa na mafaili yaliyoharibika au kukosekana na yamerudishwa. Iwashe upya kompyuta na uendeshe amri mara ya pili hadi upate jibu la kwanza. Ukiona "could not perform the requested operation", ukaguzi wenyewe umeshindwa kufanyika, na hapo ninaijaribu tena nikiwa nimeiwasha mashine katika Safe Mode, yaani ikiwaka na vitu vya lazima tu. Jibu la nne, "unable to fix some of them", ndilo linalotaka kazi.

Kwa jibu hilo, SFC huandika undani wake kwenye faili C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, ambalo ni refu na lenye mambo mengi yasiyohusika. Chuja mistari ya SFC peke yake:

findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log > "%userprofile%\Desktop\sfc.txt"

Kwenye uso wa kompyuta litatokea faili la maandishi. Litafute neno Cannot repair na usome jina la faili lililotajwa mbele yake. Kusoma huku hakutakiwi kurukwa, kwa kuwa uzito wa mafaili haulingani: faili la njia ya mkato au la picha likishindikana kurudishwa, mteja anaweza kufanya kazi miaka miwili bila kuligundua, ilhali dereva (programu inayoendesha kifaa) lenye mwisho wa sys au maktaba ya DLL inayotumiwa na kila programu ndiyo inayozaa skrini za buluu. Iwapo hukuendesha DISM kabla, hapa ndipo pa kurudi nyuma. Iwapo uliiendesha ikakamilika na SFC bado inashindwa, iendeshe SFC mara mbili tatu zaidi, ukiiwasha upya mashine kila mara, kwa kuwa baadhi ya mafaili hubadilishwa tu kompyuta inapowaka.

Wapo mafundi wanaochukua faili kutoka kompyuta nyingine na kulibandika kwa mkono, baada ya kujitwalia umiliki kwa amri za takeown na icacls. Inawezekana, na mimi nimefanya, lakini lazima kompyuta ile iwe na toleo lilelile hadi namba ya mwisho ya winver. Kwa kawaida ninaona ni heri kutumia njia inayobakiza kila kitu: faili la ISO au flashi likiwa limefunguliwa ndani ya Windows inayowaka, bofya setup.exe na uchague kubakiza mafaili na programu. Windows itajijenga upya yote, lakini nyaraka, printa na programu za mteja zitabaki. Sharti ni ISO iwe ya lugha na toleo lilelile, isiwe ya zamani kuliko iliyomo, na diski iwe na nafasi ya kutosha, angalau gigabaiti 20.

Windows isipowaka kabisa

Iwashe kompyuta kwa flashi ya Windows, na ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha ukitokea, bonyeza Shift na F10 ili kufungua kidirisha cha amri. Humo herufi za diski hubadilika, na ile unayoijua kama C inaweza kuitwa D. Usikisie, andika dir C: na dir D: uone ni ipi yenye folda za Windows na Users. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, utahitaji ufunguo wa kuifungulia, ambao aghalabu huwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Tukichukulia Windows iko D, amri ni:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Na ya ghala, ambapo Online haitumiki tena kwa kuwa Windows hiyo imelala, flashi yako ikiwa E:

DISM /Image:D:\ /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1

Ikilalamika juu ya nafasi ya muda, tengeneza folda D:\temp na uongeze /ScratchDir:D:\temp mwishoni.

Faili lisilokuwa la Windows

Mteja anaweza kukuletea tangazo kwamba MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll halipo, ukaendesha SFC ikakujibu kwamba kila kitu ni kizima, mkabaki mnatazamana. SFC haisemi uongo. Mafaili hayo mawili ni ya kifurushi cha Visual C++ ambacho programu nyingi hukitegemea, na SFC hulinda mafaili ya Windows tu. Dawa ni kuweka kifurushi hicho kutoka tovuti ya Microsoft, na kwa Windows ya biti 64 uweke vyote viwili, cha x64 (biti 64) na cha x86 (biti 32), kwa sababu programu ya biti 32 haisomi cha mwenzake. Vilevile d3dx9_43.dll, inayolalamikiwa na vijana wa magemu, ni ya DirectX ya zamani na huwekwa kwa kifurushi chake.

Usipakue DLL mojamoja kutoka tovuti zinazozigawa bure. Hujui faili limetoka mashine gani, ni la toleo lipi, wala nani amelichezea njiani. Na hata likiwa safi, utatuliza tangazo moja na kuibua la pili. Ikiwa kizuia virusi ndicho kilicholichukua faili, fungua orodha ya vilivyotiwa kizuizini usome sababu yake kwanza, kabla ya kulirudisha.

Kwa wenye Linux

Wanaotumia Linux, mfumo endeshi mwingine usiokuwa Windows, ni wachache kwetu, lakini wapo, na kazi yao ni nyepesi zaidi. Kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, andika:

sudo dpkg --verify

Ukimya ni jibu zuri. Faili lililokosekana litaandikwa likiwa na neno missing, na lililobadilika litakuwa na tarakimu 5 katika alama zake. Mistari yenye herufi c ni ya mipangilio, ambayo huenda uliibadilisha mwenyewe. Tafuta faili ni la kifurushi gani kwa dpkg -S likifuatiwa na njia yake kamili, kisha ukirudishe kwa sudo apt install --reinstall na jina la kifurushi. Faili la mipangilio ulilolifuta kwa mkono halitarudi kwa amri hiyo peke yake, kwa kuwa dpkg huchukulia kwamba ulikusudia kulifuta; mpaka uongeze -o Dpkg::Options::="--force-confmiss" ndipo liandikwe upya.